Tangazo Kuhusu Tembo Aliyelala Chali

Inatangazwa kwa umma wote wa Bunia kwamba tangu Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu ni marufuku kupima dhahabu kwa tembo aliyelala chali. Tembo aliyesimama anaruhusiwa. Tembo aliyelala atakamatwa papo hapo, bila kujali cheo cha aliye naye.

Tangazo hilo niliandika mimi, Olivier, Mkuu wa Biro ya Pili, yaani ofisi ya pili, katika Idara ya Utambuzi wa Sarafu Zisizotumika, na mpaka leo sioni neno la kubadilisha ndani yake. Wanaocheka kule soko la Mudzipela wacheke. Mimi nilisoma.

Kwa wageni wa mji nieleze kidogo. Kwetu dhahabu inapimwa kwa sarafu ya zamani. Mchimbaji anashuka kutoka machimboni na kijikaratasi chake kimekunjwa mara sita, mnunuzi anatoa mizani ndogo ya kushika kwa vidole viwili, upande mmoja dhahabu, upande wa pili sarafu ya tembo, ile ya wakati wa Wabelgiji: mbele namba moja, nyuma tembo. Kwa vipimo vidogo anaongeza njiti za kiberiti. Sarafu hiyo haijanunua hata andazi tangu baba yangu alipokuwa anavaa kaptula, lakini kwenye mizani bado inaheshimiwa. Sarafu ikiwa nzito, mchimbaji anatoa dhahabu nyingi. Ikiwa nyepesi, anatoa kidogo, na bei ni ileile. Kwa macho zote ni moja, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza.

Aliyeuliza ni Bwana Direkta wetu, Evariste, mtu anayevaa suti hata Jumamosi. Alipata kitabu kilichotoka kwenye sanduku la padri mmoja marehemu kule Boga. Mchwa walikuwa wamekula mwisho wake, lakini katikati palikuwa pazima. Kilikuwa katalogi ya sarafu, ya Kifaransa, na ndani yake tukasoma jambo lililotufanya tufunge mlango wa biro: sarafu yetu ya tembo haikufuliwa mahali pamoja. Kuna iliyofuliwa kiwanda cha Ulaya, na kuna iliyofuliwa kiwanda cha kusini mwa Afrika wakati wa vita vikubwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaishi na tembo wa aina mbili na hatukuwa na idara.

Watu wa katalogi wana uvumilivu ambao serikali ingepaswa kuuajiri. Wanatofautisha sarafu kama mama anavyotofautisha mapacha. Wanatafuta herufi ndogo chini ya mguu wa nyuma wa tembo, ambayo kiwanda kimoja kiliweka na kingine hakikuweka. Wanahesabu shanga, yaani vile vitone vinavyozunguka ukingo: themanini na mbili kwa kiwanda hiki, sabini na tisa kwa kile. Wanapima unene wa bamba, maana kiwanda cha kusini kilitumia bamba nene zaidi. Na wanageuza sarafu kuona kama nyuma imekaa sawa na mbele, kwa sababu ukiigeuza, tembo wa kiwanda kimoja anasimama kwa miguu yake, na wa kiwanda kingine analala chali, miguu juu, mbele ya watu.

Bwana Direkta aliposoma hapo alivua miwani. Alisema tembo ni mnyama wa heshima, na kwamba nchi inayopima utajiri wake kwa mnyama aliyelala chali haiwezi kushangaa ikidharauliwa na majirani. Siku hiyohiyo ikaundwa Komisyo ya Utambuzi. Tulikuwa watatu: Direkta, mimi, na Estelle wa kuandika kwenye kompyuta.

Tulifanya kazi wiki tatu na lupu moja, kioo cha kukuzia. Herufi chini ya mguu ilikuwa imeliwa na vidole vya watu, hivyo tukaifuta kwenye orodha ya vigezo. Shanga tulizihesabu. Estelle alipata themanini, mimi nikapata themanini na moja, na Direkta, ambaye siku hiyo alisahau miwani nyumbani, akapata themanini. Tukapiga kura, themanini ikashinda kwa kura mbili dhidi ya moja. Baadaye tukagundua kwamba sarafu yenye shanga themanini haikufuliwa na kiwanda chochote duniani, basi tukaziondoa shanga pia. Kuhusu unene, Direkta aliniita pembeni, akanieleza kwamba uzito ni habari nyeti inayoweza kuleta fujo kati ya watu wanaopima. Nilielewa mara moja. Nikakata mstari ule.

Kikabaki kigezo cha kugeuza. Estelle alileta shida ndogo. Katalogi, pale inapoeleza namna ya kugeuza, ilikuwa na vishale viwili vidogo, kimoja kinatazama juu na kingine chini, na yeye hakujua kishale kinapatikana wapi kwenye kompyuta ya biro. Aliuliza vina maana gani. Nikamwambia ni mapambo, Wazungu wanapenda mapambo kwenye vitabu. Akaandika: "Artikle ya nne. Sarafu ikigeuzwa na tembo akaonekana chali, itakamatwa papo hapo." Sahihi tano, kashe mbili, yaani mihuri, moja ya mviringo.

Kwa bahati nzuri mke wa Direkta, Madame Adeline, ana nyumba kubwa ya kununua dhahabu pale barabarani, na sarafu yake ilikuwa ya tembo aliyesimama. Ilikuwa bahati tu. Direkta mwenyewe alituambia hivyo mara mbili kabla hatujauliza. Sarafu hiyo tukaifanya Kielelezo Namba Moja, yaani sarafu ambayo nyingine zote zitalinganishwa nayo. Kwa bahati nzuri zaidi, Madame alikuwa na nyingine kumi na moja za namna hiyo kwenye kopo la maziwa, tayari kuzikodisha kwa wanunuzi wadogo watakaonyang'anywa zao. Jioni moja nilipokuwa peke yangu niliweka Kielelezo upande mmoja wa mizani, na sarafu ya mtu mwingine upande wa pili. Upande wa Kielelezo ukashuka. Nilifikiri ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kazi ya utambuzi ikaanza. Kila mnunuzi alitakiwa kuleta Ombi la Utambuzi nakala nne, pamoja na picha nne za pasipoti za sarafu yenyewe, mbili za mbele, mbili za nyuma, kwenye kitambaa cheupe. Mwenye studio ya picha karibu na soko alituombea baraka. Sarafu sitini na moja zilipita mezani kwangu, na hamsini na nane zilikuwa na tembo aliyelala. Nilishtuka kuona mji mzima ulivyokuwa umelegea.

Ijumaa, saa za mwisho, akaingia Mama Bibiane.

Mama Bibiane ana meza yake Mudzipela, meza ya mbao na mwavuli wa kampuni ya simu. Ni mnunuzi mdogo, lakini wachimbaji wanapita milango mitatu ya watu wakubwa ili wafike kwake, kwa sababu wanasema mizani yake haiumi. Sarafu aliachiwa na shangazi yake. Kabla ya hapo alikuwa anapandisha samaki kutoka Kasenyi, kule ziwani, vikapu viwili kila safari, mlima wote ule, miaka kumi na minne. Haya yote yalikuwa kwenye dosie yake, yaani faili, chini ya kichwa "Historia ya Sarafu", ambapo wengine huandika tu "hakuna".

Nikachukua sarafu yake, nikaiweka namba mbele, nikaigeuza. Tembo chali. Nikarudia, kwa kuwa mimi si mtu wa kuonea watu. Chali. Nikamweleza kwamba Jumatatu, kwenye sherehe ya uzinduzi, ataikabidhi mbele ya umma, na kama anataka kuendelea na kazi, Madame Adeline anakodisha.

Hakulia. Alikaa anatazama vidole vyangu, si uso wangu.

"Chefu," akasema, "nikikosa hii, minarudia samaki. Na magoti yangu haiko tena."

Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa bado zilikuwa saa za kazi. Nikamwambia sheria haina ubaya na mtu. Akaomba niigeuze mara ya tatu, polepole. Nikaigeuza. Akauliza kwa nini naigeuza hivyo, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamjibu kwamba hapa ni biro, dosie inafunguliwa hivyo, na sarafu nayo inafuata dosie. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia. Kisha akataka kuona Artikle ya nne. Aliisoma yote, midomo inasogea, akaomba nakala.

"Hii artikle iko ya batu bote?" akauliza.

"Ya wote, mama. Hata ya Bwana Direkta."

"Basi unipigie kashe hapo."

Nikampigia, ile ya mviringo. Raia anayependa nakala yenye kashe ni raia mwenye malezi.

Jumatatu uwanja wa soko ulijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki kwa wageni, tarumbeta tatu za kanisa, na wachimbaji wengi waliokuja kuona tembo, wengine wakidhani ni tembo wa kweli. Madame Adeline alikaa mstari wa mbele na kopo lake la maziwa mapajani. Nyuma ya Direkta alisimama Dady, ajenti wetu wa ukamataji, amevaa buti mpya. Wiki nzima Direkta alikuwa amemfundisha jambo moja tu: ukiona tembo chali, kamata, na ukisita kwa sababu ya cheo cha mtu, kesho usije kazini. Dady ana mke mwenye mimba. Alishika somo.

Direkta alihutubia dakika hamsini. Alisema Bunia itakuwa mji wa kwanza kuwa na tembo wa msimamo mmoja. Alisema heshima inaanzia kwenye vitu vidogo, na hakuna kitu kidogo kama sarafu. Kisha akainua Kielelezo Namba Moja, kikang'aa kwenye jua, na akasema kwamba ili mtu asije kusema biro imepika mambo yake jikoni, utambuzi wa kwanza utafanywa na mwananchi wa kawaida. Akauliza nani anajitolea.

Watu wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na sarafu mfukoni, na kila mmoja alijua imelala.

Mama Bibiane akainua mkono. Direkta alifurahi mpaka akampigia makofi, kwa sababu alijua kutoka kwenye orodha yangu kwamba mwanamke huyu naye atakabidhi sarafu yake baada ya dakika chache, na ni vizuri mtu akabidhi baada ya kujionea mwenyewe. Akampa Kielelezo. Mama Bibiane akafuta vidole kwenye kitenge, akaishika sarafu juu ili wote waione, namba moja mbele yao. Halafu akaigeuza namna kila mwanamke wa Mudzipela anavyogeuza chapati: kutoka juu kwenda chini.

Tembo akalala chali.

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilimwona vizuri, mkonga chini, miguu minne juu, mnyama wa heshima wa Bwana Direkta. Tarumbeta moja ilikuwa imeshaanza kupiga wimbo wa furaha, ikakata katikati. Direkta akamwambia arudie. Akarudia. Chali. Akamwambia arudie tena, na watu wa nyuma wakapanda kwenye viti vya plastiki ili waone. Chali. Hapo nikakumbuka vile vishale viwili vya namna ya kugeuza: havikuwa mapambo.

Direkta akasema kwa sauti ndogo kwamba hivyo sivyo, sarafu inageuzwa kwa ubavu. Mama Bibiane akatoa nakala yake kutoka kwenye kitenge, ameikunja mara sita kama karatasi ya dhahabu.

"Bwana Direkta, artikle inasema tu ikigeuzwa," akasema. "Haisemi kwa ubavu. Siye kwa soko tunageuzaka hivi. Na kashe ni hii."

Kisha akatoa sarafu yake, ile ya shangazi, akaigeuza vilevile. Tembo akasimama, miguu minne chini, mkonga mbele. Soko lote la Mudzipela likasogea mbele. Hata mwenye kusaga unga alizima mashine yake.

Pengine tungeokoka. Direkta alikuwa ameshafungua mdomo, na mimi nilikuwa ninatafuta kichwani neno la "kuahirisha". Lakini mzee Roger, mchimbaji aliyepoteza vidole viwili shimoni na hana haraka na mtu yeyote, akasema kutoka nyuma kwamba kwa kuwa matembo mawili yako hapa na mama ana mizani, basi wayaweke tu, waone. Mama Bibiane akaning'iniza mizani yake. Upande huu Kielelezo Namba Moja, upande ule sarafu ya shangazi. Upande wa Kielelezo ukashuka. Mara hii hata mimi sikuweza kusema ni upepo, watu elfu moja walikuwa wamezuia pumzi.

Akachukua sarafu ya jirani yake, nyepesi. Ya mwingine, nyepesi. Akaomba moja kutoka kwenye kopo la maziwa, na Madame Adeline alipolifunika kwa mkono, kila mtu akapata jibu bila mizani. Wachimbaji walianza kutazamana. Kila mmoja alikuwa anarudi kichwani mwake kwenye siku aliyouza dhahabu kwenye nyumba ile ya barabarani, siku ya harusi, siku ya mtoto kulazwa, na kujua sasa kilichobaki kwenye mizani. Niliona aibu. Naiandika kwa sababu ripoti inatakiwa kuwa kamili.

Na hapo, waheshimiwa, Dady akatembea mbele. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kola. Akachukua Kielelezo Namba Moja kutoka kwenye mizani, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akamsomea Direkta Artikle ya nne yote, pamoja na maneno ya tangazo langu kuhusu cheo. Akamwuliza kama ana la kusema. Direkta alisema jina la Dady, mara moja tu. Dady akaandika hilo kwenye fomu.

Toka siku hiyo tumejaribu kurekebisha makosa, kwa utaratibu. Ili kubadilisha artikle, Komisyo lazima ikae. Ili ikae, Kielelezo Namba Moja lazima kiwe mezani. Kielelezo kimekamatwa. Ili kiachiwe inatakiwa sahihi ya Direkta, na Artikle ya saba inamkataza mtu kutia sahihi juu ya sarafu ya nyumba yake. Artikle ya saba niliiandika mimi, na ni nzuri sana.

Wakubwa wa juu walisoma dosie mwezi mzima. Hawakuweza kusema kwamba tangazo ni bovu, kwa sababu lilikuwa na sahihi tano na mbili kati yake zilikuwa zao. Basi wakaamua kwamba tangazo ni zima, kilichokosekana ni mtu. Ikaandikwa barua ya kuunda cheo cha Mgeuzaji Rasmi wa Mji, na katika faili zote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye aligeuza hadharani na matokeo yake yakaingizwa kwenye ripoti. Barua ilipelekwa Mudzipela, kwenye meza yenye mwavuli wa kampuni ya simu. Mama Bibiane aliipokea, akauliza kama anaweza kuendelea kununua dhahabu yake hapohapo. Akaambiwa barua haikatazi. Akaiweka chini ya mizani na kuendelea kupima.

Siku hizi sarafu zote za Bunia zinapita kwake. Zile nyepesi zinasimama, zile nzito zinalala, na zinazolala zinaingia kwenye kabati la kioo pale bironi kwetu, ambapo wachimbaji wanaingia bure kuzitazama kabla ya kwenda kuuza. Mimi nimehamishiwa mezani kwake kupiga kashe. Ninakaa kwenye kiti kifupi, lakini ni kazi ya heshima, na saa nne ananipa chai.

Juzi Bwana Direkta alikuja mwenyewe. Madame alikataa kupanga mstari. Direkta alisimama kwenye jua na suti yake, nyuma ya mtu aliyebeba kuku wawili, na zamu yake ilipofika aliweka mezani Ombi la Utambuzi nakala nne, na picha nne za pasipoti kwenye kitambaa cheupe. Zilikuwa picha safi sana. Tembo alikuwa amesimama vizuri katika zote mbili za nyuma, mwenye studio alikuwa amejitahidi. Nyumba ya barabarani ilikuwa imefungwa wiki ya sita, na hii ilikuwa sarafu ya mwisho kutoka kwenye kopo la maziwa.

Mama Bibiane aliangalia picha moja moja, hakuharakisha. Akaomba sarafu yenyewe. Akafuta vidole, akaiweka namba moja mbele ya macho ya Direkta, akaigeuza kutoka juu kwenda chini, polepole, kama mimi nilivyomgeuzia ile Ijumaa. Wote watatu tukatazama. Kisha akamrudishia, pamoja na nakala zake nne.

"Papa Direkta," akasema, "kwa picha anasimama, kwa mukono analala. Enda umuamushe kwanza, njo urudi."